Suala la swala, mbuni na wenzao: uzi wa nyamapori, kabla ya jiko na kwenye jiko

Pofu Anayeona (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kila mjadala wa nyamapori huishia kwenye malalamiko mawili: "inanuka" na "haitafuniki". Yote mawili yana sababu na yote mawili yana dawa, basi tuyamalizie hapa. Mzaha ruksa, ila uje na kipimo: gramu, dakika au nyuzi joto. Atakayeleta mzaha mtupu tutampangia kazi ya kunyonyoa bata pori.

Naanza na ugumu. Swala, kongoni, nyumbu, pofu, wote hawa ni watembeaji wa kutwa nzima. Mafuta ndani ya mnofu wao mara nyingi hayafiki asilimia 3. Ng'ombe aliyenoneshwa ana mafuta yaliyojipenyeza katikati ya nyama, na hayo ndiyo humsitiri mpishi aliyepitiwa na usingizi dakika tano. Swala hamsitiri mtu. Kuanzia nyuzi 60 hivi nyama hujikunja na kujikamua maji, ikifika 70 na kitu imeshakauka. Huku nyuma, zile tishu ngumu zenye kolajeni hazilainiki vizuri mpaka uvuke 70, na hata hapo zinadai saa kadhaa.

Kwa hiyo njia ni mbili tu. Ya haraka ni ya sarara na mnofu wa mgongo: steki za unene wa sentimita 3, zifutwe zikauke, kikaango kiwe cha moto kweli, dakika 2 hadi 3 kila upande. Zitolewe zikiwa nyuzi 60 ndani, zitajipandisha zenyewe hadi 63 zikiwa zimepumzika, zikae hapo dakika 3. Ya polepole ni ya shingo, bega, muundi na mbavu: kilo moja na nusu pamoja na mifupa yake, ikaangwe kwanza ipate rangi, mchuzi ufike nusu ya kimo cha nyama, funika, moto uwe mdogo kiasi cha povu kupanda mojamoja, saa 3 na nusu. Sufuria ya presha inafanya kazi hiyo kwa dakika 50 hadi 60. Katikati ya njia hizi hapana kitu. Anayebanika muundi kwa dakika 40 amepata ukavu wa njia ya kwanza na ugumu wa njia ya pili, kwa bei ya mkaa mmoja.

Harufu nayo kwa sehemu kubwa haitoki kwenye mnofu. Hutoka kwenye mafuta ya nje, kwenye tezi, na kwenye uzembe. Mafuta ya jamii ya swala huganda mapema kuliko ya ng'ombe, yakipoa kidogo tu mdomoni yanashika kaakaa na ladha yake haiondoki mpaka chai ya moto. Yaondoe yote, pamoja na ule utando mweupe unaong'aa. Kisu kiwe chembamba, makali yaelekee juu kwenye utando, usichimbe mnofu.

Kwa wasiomjua pofu: ndiye mkubwa katika jamii nzima ya swala, dume hukaribia kilo 900, na nyama yake ndiyo iliyo jirani zaidi na ya ng'ombe. Mgeni wa nyamapori aanzie kwake. Hata aliyefumba macho atasafisha sahani.

Kiboko wa Sufuria

Uzi kiboko huu, nimeshapiga kambi. Swali la kwanza: kulowesha kwenye siki usiku kucha, ndiyo au hapana? Kila mtu anasema ndiyo halafu kila mtu analalamika.

Bi Kanga Doti

Hapana, kaka Kiboko. Ukali wa siki au ndimu hauzami. Usiku mzima unaingia milimita chache tu, na pale ulipofika unaipika nyama kijuujuu: nje inakuwa ya ungaunga, ndani ugumu uko palepale. Ukipenda uchachu, tumia nusu lita ya mtindi yenye vijiko 2 vya siki, saa 4 hadi 6, kisha futa nyama ikauke. Ikienda motoni na mtindi wake haitapata rangi, itachemka tu.

Kinachozama ni chumvi. Gramu 12 hadi 15 kwa kila kilo, ipakwe, ilale friji bila kufunikwa. Inaingia taratibu, inailegeza protini, na nyama inashika maji yake pale moto unapokuja kuyadai. Uso nao unakauka, ndiyo maana rangi inakuja haraka kikaangoni.

Papai bichi linataka tahadhari. Kimeng'enya chake kina nguvu zaidi kati ya nyuzi 50 na 70, yaani njiani kabisa nyama inapopanda joto. Kijiko kimoja cha papai lililosagwa kwa kilo, nusu saa, linatosha. Likilala na nyama usiku, asubuhi unakuta uso umekuwa uji, na uji wa swala haufai mgonjwa wala mzima.

Paa ndiye anayeumbua watu. Ni mdogo, mnofu mwembamba, dakika moja ya ziada na paa linavuja: maji yote yako kwenye sinia, mlaji kabaki na kamba. Usimkate steki kabla ya moto. Acha mnofu wa mgongo mzima, uzungushe kikaangoni dakika 4 hadi 5 kwa jumla, upumzike, ndipo ukate.

Ngiri Bila Upasuaji

Jina langu ni la mnyama, wale wa wodini uzi wao uko jukwaa la afya.

Wenzangu mmeanzia jikoni, lakini nyama nyingi hufika jikoni imeshaharibika. Tumbo litolewe ndani ya saa moja, na kukiwa na joto usisubiri hata hiyo saa. Kata kuzunguka tundu la haja, utumbo mpana ufungwe kwa kamba kabla ya kuuvuta, kibofu kibanwe shingoni kwa vidole kikitolewa. Nyongo au utumbo ukipasuka, acha papara ya ndoo za maji. Maji yanasambaza uchafu hadi kwenye mapaja. Kata sehemu iliyoguswa, tupa, badilisha kisu, endelea. Kulungu wa nchi za baridi ana tezi za harufu upande wa ndani wa kifundo cha mguu wa nyuma. Usizikate, usizishike, na kama umezishika usishike mnofu kwa mkono huohuo.

Halafu msikimbilie friza. Mnyama akishakufa misuli hukakamaa kwanza, baadaye hulegea. Nyama ikishuka chini ya nyuzi 10 kabla haijapita hatua hiyo, inajikunja kwa nguvu na haitarudi ilivyokuwa. Saa 10 hadi 12 za mwanzo ibaki juu kidogo ya nyuzi 10, kisha ndipo iteremke kwenye nyuzi 1 hadi 4 itundikwe: siku 2 au 3 kwa mnyama mdogo kama paa, siku 5 hadi 10 kwa mkubwa. Hewa izunguke, vipande visigusane. Uso ukikauka ukawa na gamba jeusi, ni wa kukwangua. Ukiwa na utelezi na harufu ya uchachu, ni wa kutupa wote. Sehemu isiyo na chumba cha baridi cha uhakika, sahauni kutundika. Nyama ipozwe tu na kupikwa polepole.

La mwisho ni risasi, na hapa neno lina maana zote mbili. Ile iliyotengenezwa kwa madini ya risasi huvunjikavunjika ndani ya mnyama, na chembe zisizoonekana kwa macho husambaa zaidi ya sentimita 15 kutoka kwenye tundu. Kata kwa ukarimu pembeni ya jeraha, na nyama iliyovilia damu usiitupie kwenye mashine ya kusagia kwa kuionea huruma. Sumaku haisaidii, risasi hainaswi na sumaku. Nyama ya watoto na wajawazito itoke kwa mnyama aliyepigwa kwa risasi ya shaba.

Mbuni Mbunifu

Mkuu Ngiri umemaliza wale wa miguu minne, nishike ndege asiyeruka.

Mbuni ni ndege mwenye nyama nyekundu. Usimtafutie kidari: hana ule mfupa wa kifua uliochongoka unaobeba misuli ya kurukia, nyama yake yote ya maana iko mapajani na miguuni. Mnofu wa thamani kuliko yote ni ule wa pajani wenye umbo la upepeo. Kata ukikatisha nyuzi zake, unene sentimita 2 na nusu, mafuta yapakwe kwenye nyama na si kikaangoni, dakika 3 kila upande.

Hapa kuna mtego. Asidi kwenye nyama ya mbuni ni kidogo kuliko kwenye ya ng'ombe, kwa hiyo inabaki nyekundu hata ikiwa imeiva. Anayepika kwa kutazama rangi atasubiri iwe ya kahawia, na siku ikiwa ya kahawia itakuwa imekauka. Amini kipimajoto: 63 kwa mnofu mzima, 71 ikisagwa. Uchache huohuo wa asidi ndio unaofanya isikae sana friji, siku 2 au 3 basi.

Yai lake lina uzito wa kilo 1.4 hivi, sawa na mayai ya kuku kama 24. Osha ganda kwanza, toboa kwa keekee ya milimita 8, vuruga ndani kwa kijiti, mimina. Atakaye kulichemsha zima liwe gumu atenge saa moja na nusu hadi mbili. Likiwashinda kumaliza, lipige, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kila kikombe, gandisha. Bila chumvi kiini kinageuka mgando usiochanganyika tena.

Na kwa wenye ule mzio wa nyama nyekundu unaoanzia kwenye kuumwa na kupe: swala, ngiri na pundamilia wote wamo kwenye marufuku yenu. Mbuni, pamoja na wekundu wake, ni ndege na hana ile sukari inayowasha. Wamebuniwa kwa ajili yenu.

Kenge Msafarani

Mnajisumbua bure na vipimajoto. Friza wiki tatu, minyoo yote kwisha, banika utakavyo. Hiyo ni sayansi.

Kisu Butu Marufuku

Mkuu Kenge, ni nusu ya sayansi. Siku 20 kwa nyuzi 15 chini ya sifuri ni kanuni ya nguruwe wa kufugwa, tena vipande visivyozidi unene wa sentimita 15. Minyoo ya trikinela ina aina nyingi, na zile za wanyama wa porini nyingine barafu haizishtui. Mwaka 2022 huko Marekani familia moja ilikula mishikaki ya dubu mweusi aliyekaa friza siku 45. Nyama ilikuwa ya giza kiasi kwamba haikujulikana kama imeiva. Waligundua ni mbichi wakiwa wameshaanza kula, wakairudisha motoni. Sita waliugua, na wawili kati yao nyama hawakuigusa, walikula mboga zilizopikwa pamoja nayo.

Kukausha, kutia chumvi, kufukiza moshi, maikrowevu: hakuna kati ya hizo kinachotegemewa kuua trikinela. Kinachotegemewa ni nyuzi 71 katikati kabisa ya kipande, zikipimwa sehemu nene, mbali na mfupa. Jamii yote ya nguruwe, dubu, mamba na kila mla nyama hawana steki ya wekundu. Kwa wala majani mnofu mzima unaweza kuishia 63 kwa sababu bakteria wengi wako usoni, ila ukishasagwa uso umeingia ndani, basi 71. Wajawazito 71 kwa kila kitu, kwa sababu ya vimelea vya toksoplazma.

Kenge Msafarani

Nimekubali yaishe. Kenge karudi majini.

Ngiri Bila Upasuaji

Kabla hujazama sana, sikiliza la jina langu.

Ngiri ana nyama nyeupe kiasi na kavu, hana tabaka la mafuta kama binamu yake wa bandani. Dume lililokomaa linaweza kuwa na ile harufu ya mkojo na jasho, inayotokana na vitu viwili, androstenoni na skatoli, na vyote hukaa kwenye mafuta. Moto hauvitoi, unavirusha tu hewani jikoni mwako. Jaribio la dakika moja: kipande cha mafuta ukubwa wa kidole gumba kwenye kikaango kikavu chenye moto, inama unuse mvuke. Mwite na mtu wa pili anuse, kwa sababu pua za watu wengine haziisikii kabisa androstenoni. Ikinuka, ondoa kila chembe ya mafuta na umpangie mchuzi wenye viungo vingi. Isiponuka, mbavu zake ni sherehe.

Uzuri ni kwamba njia ya polepole inatatua mambo mawili kwa mkupuo: nyama inayochemka taratibu saa 3 imepita 71 kitambo, na kolajeni imeyeyuka. Ngiri wa haraka haraka ndiye anayepeleka watu kwa daktari, na safari hii si kwa upasuaji.

Mabaki, mifupa na maji ya kuoshea visifike kwa nguruwe wa kufugwa. Ngiri hubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila mwenyewe kuumwa. Haimpati mtu, lakini bandani haiachi kitu.

Kiboko wa Sufuria

Bega la nyumbu mzee je? Naambiwa suluhisho ni kima.

Bi Kanga Doti

Kima ya kusaga, tuelewane. Yule wa mtini abaki mtini.

Nyumbu kwanza: ukipasua kichwa chake unaweza kukuta mabuu puani na kwenye mashimo ya fuvu. Ni ya nzi, hayana uhusiano na mnofu. Kichwa tupa, nyama iko salama, usitimue mbio na kundi.

Kima yenyewe: gramu 850 za nyama kwa gramu 150 za mafuta magumu ya ng'ombe, yale yanayozunguka figo. Bila mafuta utapata chenga zisizoshikana. Utando wote utoke kabla, maana unajisokota kwenye kisu cha mashine na kuanzia hapo mashine haikati tena, inaponda. Nyama na mafuta zikatwe vipande vya sentimita 3, ziingie friza mpaka kingo ziwe ngumu lakini katikati zinabonyea, na vyuma vya mashine viingie friza pia, nusu saa. Saga kwenye tundu la milimita 8, kisha la milimita 4 au 5.

Vikitoka vyeupe na vyekundu vimetengana, ni kazi nzuri. Vikitoka kama rojo ya waridi, mafuta yameyeyuka mashineni, na kwenye moto yatatoka yote. Simama, rudisha kila kitu friza. Mwenye pupa hapa hula makapi.

Kama ni ya baga za kubanika, chumvi ipakwe nje dakika ya mwisho, ndani ikae bila chumvi, la sivyo inashikamana na kuwa ngumu. Kama ni ya soseji ni kinyume: gramu 16 hadi 18 kwa kilo, kanda mpaka ishike kiganjani ukikigeuza, na mafuta uyapandishe hadi gramu 250 kwa kilo ya mchanganyiko.

Kenge Msafarani

Kwa mamba niacheni mimi, ni jirani yangu. Na kwa sababu kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, kabla ya kulipa dai karatasi za shamba alikotoka. Mamba mkubwa wa mtoni, mbali na sheria, amekula samaki miaka mingi na zebaki inajilimbikiza mwilini mwake.

Mnofu mzuri ni wa mkia, mweupe, nyuzi ndefu. Mafuta yake yote yatoke, hata uzi mwembamba, humo ndimo iliko ile harufu ya tope na samaki. Kata kukatisha, unene wa sentimita 1, gonga kidogo kwa nyundo ya nyama, chumvi, unga, mafuta ya nyuzi 180, dakika 2 hadi 3. Ndani ifike 74. Ukizidisha inakuwa mpira, na hakuna mchuzi wa kuirudisha. Miguu na mbavu ni ngumu zaidi, hizo ni za mchuzi wa nazi au nyanya, saa moja na nusu hadi mbili.

Bakteria wa salmonela ni wa kawaida kwa jamii hii ya wanyama. Ubao wake uwe peke yake, kachumbari isikatwe hapo. Kulowesha kwenye maziwa saa 2 kunapunguza harufu kidogo, lakini kama mafuta umeyaacha, unanawisha tu mamba uso.

Pofu Anayeona

Kenge umerudi kwa kishindo. Bi Kanga, ndege zako tafadhali. Na kuna wanaosubiri kula bata.

Bi Kanga Doti

Kanga wawili ni doti, na doti inatosha watu wanne hadi sita. Kwanza ujue umri. Bonyeza ncha ya nyuma ya mfupa wa kidari: ikipinda ni kijana, ikikataa ni mzee. Kanga mzee ana ujumbe mmoja tu ulioandikwa pindoni: "nichemshe". Saa 2 kwa moto mdogo. Kijana anaweza kuokwa, ila usimpike mzima, kidari kinakauka mapaja yakiwa bado. Mtenganishe. Vidari vilale kwenye maji ya chumvi, gramu 50 kwa lita, saa 4, kisha vikaangwe na ngozi chini mpaka 74. Mapaja yaende na mchuzi saa moja na robo. Kwale ni vilevile, ila ni mdogo, punguza muda nusu.

Bata pori kuliwa kwake kuna masharti. Tezi ya mafuta juu ya mkia ikatwe yote, kipande cha umbo la V, isiguse kitu. Kunyonyoa: maji ya nyuzi 65 hadi 70, tia sabuni matone machache ili maji yapenye mafuta ya manyoya, dumbukiza dakika 2. Maji yakichemka ngozi inaiva na kuchanika na manyoya yake. Bata anayekula nafaka na majani, ngozi ibaki, ndiyo tamu. Anayekula samaki, chuna ngozi na mafuta yote, vinginevyo utakula bata kwa pua.

Ukichana kidari ukakuta vijistari vyeupe mithili ya punje za mchele zimelala kufuata nyama, hivyo ni vimelea. Vikiiva havimdhuru mtu, ila vikiwa vingi nyama haina hamu, tupa. Pia papasa kidari kwa vidole kutafuta marisau, zile punje za risasi za kuwindia ndege, kabla ya jino kuyapata.

Mbuni Mbunifu

Sungura pori kwa kifupi, kabla hajanitoroka. Vaa glavu wakati wa kuchuna, kwa sababu anaweza kubeba tularemia, ugonjwa unaopenya hata kwenye mkwaruzo mdogo wa ngozi. Tazama ini na bandama: vidoa vyeupe vingi vidogo, mzike mzima, usimwonje. Aliye safi apikwe mpaka 71, na hapa kauli yake mwenyewe ya "sizitaki mbichi hizi" ndiyo kanuni. Miguu ya nyuma saa 2 na nusu kwenye mchuzi, mgongo dakika 20 za mwisho tu.

Hana mafuta kabisa, basi mpe ya nje: nazi, siagi, karanga. Mtu akiishi kwa sungura mtupu siku nyingi, bila mafuta wala wanga, anapata kichefuchefu na kuhara huku tumbo limejaa, kwa sababu ini haliwezi kuchakata protini nyingi kiasi hicho.

Kisu Butu Marufuku

Nami nilete wasiopaswa kufika mezani, tena hapa mzaha naupunguza.

Mzoga uliokutwa umeshakufa, hasa wenye damu nyeusi isiyoganda puani au kwenye haja: usipasue hata kidogo. Kinaweza kuwa kimeta, na ukipasua vijidudu vinakutana na hewa na kugeuka mbegu zinazokaa ardhini miaka mingi. Mwaka 2011 nchini Zambia watu waliugua kimeta kutokana na kushika na kula nyama ya viboko. Kuchemsha hakumkingi aliyechuna.

Kasa wa baharini: nyama yake wakati mwingine huwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa, na hakuna dalili ya nje ya kukujulisha. Machi 2024 kwenye Kisiwa cha Panza, Pemba, watu tisa walifariki, wanane kati yao watoto.

Nyani, sokwe, kima, popo: hatari kubwa iko kwenye kuchuna na kukata kuliko hata kula. Virusi vya UKIMWI vilivyoenea duniani vilianzia kwa sokwe. Kakakuona amekatazwa kuuzwa kimataifa kwa aina zake zote, uamuzi wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2016. Ini la dubu mweupe wa ncha ya kaskazini lina vitamini A nyingi kiasi cha sumu.

Kwa hao wengine wote, kibali cha nchi uliyopo kwanza, kikaango baadaye.

Kiboko wa Sufuria

Umenitoa jasho mkuu, ila jina langu nalibakisha. Pundamilia, nungunungu na nyoka bado.

Kisu Butu Marufuku

Pundamilia yuko jirani na farasi, nyama ina utamu wa sukari kidogo kwa sababu ya glaikojeni, akiba ya sukari iliyo kwenye misuli. Usimwekee mchuzi mtamu juu yake, mpe pilipili manga na kitunguu saumu. Mafuta yake ya manjano yatoke.

Nungunungu harushi miiba, ila inachomoka kwa urahisi na kukuingia wewe. Maji ya moto kama ya bata, miiba ing'olewe kwa koleo kufuata inakolala, ngozi ikwanguliwe. Ngozi ni nene na ina mafuta: chemsha saa 2, kausha, kaanga. Nyama yenyewe ni ya mchuzi.

Nyoka aliyekatwa kichwa bado anauma, kichwa kinaweza kufanya hivyo kwa saa nzima au zaidi. Kisukumiwe shimoni kwa fimbo kifukiwe. Mikono inawe vizuri, kwa sababu nyoka wana vimelea vinavyoingia kwa mtu kupitia mikono yenye ute au nyama mbichi. Baada ya shughuli yote hiyo unapata mbavu nyingi na nyama kidogo. Hesabu haijibu.

Kiboko wa Sufuria

La mwisho kabisa: kiporo cha steki ya swala kinanuka ini asubuhi. Kimeharibika?

Bi Kanga Doti

La, kama kililala friji. Nyama hii ina chuma nyingi, na chuma hiyo huchochea mafuta yaliyopikwa kubadilika ladha na harufu yakiguswa na hewa. Ukikipasha moto harufu ndiyo inapanda. Basi usikipashe. Kitoe friji, kikate vipande vyembamba sana kukatisha nyuzi, kamulia ndimu hapohapo mezani, kitunguu, pilipili, kiliwe baridi. Kiporo cha mchuzi hakina shida hiyo sana, hicho kipashe mpaka kichemke.